Bomba Tupu

Siku nilipohamia Mvindeni, Ukunda, mwenye nyumba alinizungusha chumba kwa chumba kama mtu anayeuza ng'ombe. Hii hapa mita ya tokeni. Hili hapa tangi, maji yakikatika usihofu. Soketi hizi hapa, mbili kila chumba. Ndoano ya feni ile pale juu. Nikamuuliza habari za intaneti. Akatazama dari, akatazama simu iliyokuwa mkononi mwangu, akaniuliza, "Si hiyo unayo?"

Wiki iliyofuata alikuja kijana wa kampuni ya faiba na ngazi, drili na mzingo wa waya mweusi. Waya wa kampuni ulikuwa umekwisha kufika kwenye nguzo iliyo mbele ya geti. Kutoka nguzo hadi sebuleni kwangu nilipima kwa hatua, nikapata kama mita 30. Keateka, mzee wa Kidigo aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo barazani, aliuweka ungo chini akainuka.

"Mwanangu, huo ukuta wataka kuutoboa wapi?"

"Hapa tu, mzee wangu. Tundu dogo, kama la msumari."

"Aliyekuja kabla yako alisema vivyo hivyo. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na tundu lililotobolewa zamani kwa ajili ya dishi la televisheni. Mvua ya masika ilikuwa imepenya ndani, plasta imevimba kama andazi, na mpangaji wa chini alikuwa amekesha na beseni. Kijana aliangalia, akakuna kichwa, akakunja ngazi yake. Nilikaa katika nyumba ile mwaka mzima nikinunua bando za saa moja moja, na waya ukinitazama kutoka kwenye nguzo.

Sikumlaumu mzee wakati ule na simlaumu sasa. Ukuta ni wa tajiri yake, na aliyeujenga hakuufikiria waya.

Tazama safari ya huo waya kabla haujafika kwenye geti letu. Hadi katikati ya mwaka 2009, Kenya ilikuwa haina mkongo hata mmoja wa baharini. Barua pepe ya Mombasa ilirushwa angani hadi kwenye setilaiti ndipo irudi ardhini, na bei yake ilikuwa ya angani vilevile. Juni mwaka huo mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwezi mmoja baadaye ukaja wa SEACOM, mwaka 2010 ukafuata EASSy, na mwaka 2012 ukaja LION2. Mingine imeongezeka tangu hapo. Mwanga unaobeba maneno yetu ndani ya kioo chembamba kama unywele hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ujumbe hutoka Fujairah ukafika Mombasa kwa takriban moja ya arobaini ya sekunde. Maelfu ya kilomita chini ya bahari, moja ya arobaini ya sekunde. Halafu unagota kwenye ukuta wa mtu Mvindeni, na unabaki pale mwaka.

Kwale tumezoea. Kaunti hii ni ya vitu vipitavyo. Maji ya chemchemi za Marere, katika Milima ya Shimba, yamekuwa yakiteremka kwa mabomba kwenda Mombasa tangu enzi za Mwingereza, na wapo akina mama wanaovuka mabomba hayo wakiwa na ndoo tupu kichwani. Visima vya Tiwi navyo vinanywesha Likoni. Bwawa la Mwache linajengwa kwetu, na sehemu kubwa ya maji yake imekusudiwa mji wa ng'ambo. Mchanga mzito wa titani wa Maumba na Nguluku ulipakiwa kwenye malori kwa zaidi ya miaka kumi, ukapelekwa hadi gati la Likoni ukapanda meli, mpaka uchimbaji ulipofikia mwisho Desemba 2024. Na huko baharini, mashariki ya Galu, Gazi na Msambweni, mkongo wa EASSy unatoka Dar es Salaam kwenda Mombasa. Baina ya miji hiyo miwili haugusi nchi kavu. Unatupita kama basi la usiku.

Kwa hiyo kinachofika kwetu hutoka Mombasa kwa njia ya nchi kavu, kikifuata barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na hufuata mfuko kwanza. Hoteli za Diani zilipata faiba mapema kwa sababu mgeni wa siku hizi huuliza paswadi kabla hajauliza saa ya kifungua kinywa. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kibali maalumu kwa wageni wanaofanya kazi za mbali kwa kompyuta, na kila mwenye nyumba ndogo ya kukodisha kando ya Beach Road alielewa maana yake. Sina kinyongo na hilo, utalii ndio sufuria yetu. Lakini anayetandika kitanda cha mgeni huyo, na anayempikia samaki wa kupaka, na anayemfungulia geti, wote hurudi jioni Bongwe, Gombato, Mabokoni au Kona ya Musa, mwendo wa bodaboda wa dakika kumi hivi. Huko wanapima intaneti kwa shilingi 20.

Sasa ingia nyumba za bei nafuu zinazojengwa na serikali. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, baada ya mvutano mrefu mahakamani juu ya tozo ya kwanza ya nyumba. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mhudumu wa hoteli ya Diani anayelipwa 30,000 hutoa 450 kila mwezi, na tajiri wake 450. Apate nyumba asipate, ameshachangia. Sheria inazigawa nyumba kwa kipato: za kijamii kwa anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi, za bei nafuu kwa anayepata kuanzia hapo hadi 149,000, na za tabaka la kati kwa waliozidi hapo. Imeunda pia kamati katika kila kaunti, Kwale ikiwemo, ya kushughulikia nyumba za mijini na mashambani. Neno ninalolipenda zaidi katika sheria hiyo limejificha palepale inapoeleza kazi ya tozo. Inasema fedha ni za kujenga nyumba pamoja na miundombinu ya kijamii na ya kimwili inayoambatana nazo. Barabara, maji taka, taa. Mimi nasoma hapo na bomba la faiba. Sioni mwanasheria atakayenikatalia.

Njia yenyewe ya kuomba nyumba hizo ni kuingia kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali, ujisajili, upakie stakabadhi zako, uweke akiba, usubiri. Mwenye simu ya kitufe anaweza kujisajili kwa kubonyeza *832#, lakini ukitaka kuona mchoro wa chumba, bei na mahali kilipo, utahitaji bando. Nyumba inaombwa kwa intaneti. Ukipewa funguo, utaulizana na keateka.

Na bei je? Mei 2025, Rais Ruto alipokabidhi funguo za kwanza za mtaa wa Mukuru, Nairobi, chumba kimoja kilitangazwa kwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Wakati huohuo kifurushi cha chini cha faiba ya nyumbani cha Safaricom, cha megabiti 15 kwa sekunde, kilikuwa 2,999. Weka hesabu hizo mbili pamoja. Intaneti ya nyumba inazidi kidogo robo tatu ya malipo ya nyumba yenyewe. Hakuna mama Msambweni anayeuza viazi karai atakayelipa hivyo, na kumwambia intaneti ni haki yake ni kumdhihaki. Wapo wanaouza kwa bei ya chini mitaani Nairobi, kama poa! Internet iliyoanzia Kibera, na bei zao zinaonyesha kwamba zile 2,999 hazikuandikwa kwenye jiwe. Lakini bei hushuka pale ambapo kampuni inawafikia wateja wengi kwa gharama ndogo, na hapo ndipo nyumba za bei nafuu zina nguvu ambayo hakuna aliyeitumia ipasavyo. Watu wamekaa pamoja. Wamepangana juu kwa juu, mlango kwa mlango.

Nitalieleza hili taratibu kwa sababu ndipo penye uhondo. Faiba ya majumbani haihitaji uzi mmoja kutoka Mombasa kwa kila nyumba. Uzi mmoja wa kioo hufika kwenye jengo, ukaingia katika kijisanduku kisichotumia umeme kabisa, na humo mwanga hugawanywa mara 32 au 64, kama maji ya mfereji mmoja yanayogawanywa kwenye majaruba. Teknolojia iliyoenea zaidi hubeba karibu gigabiti mbili na nusu kwa sekunde katika uzi huo mmoja. Gawanya kwa nyumba 64, zote zikiwa zimewasha kwa wakati mmoja, kila mtoto akitazama katuni na kila baba mpira: kila nyumba inapata megabiti 39 hivi. Ni zaidi ya maradufu ya kile kifurushi cha 2,999. Kampuni bado italazimika kununua uwezo wa kutosha kutoka kwenye mikongo mikubwa, na huo hauji bure. Lakini katika jengo lenyewe gharama iliyo ngumu ni mafundi, ngazi, drili, mabishano na keateka. Kampuni ikikuta njia imekwisha wekwa ukutani, fundi mmoja anaunganisha jengo zima kwa siku chache, wala hahitaji kumbembeleza mtu.

Njia hiyo ni bomba la plastiki. Jembamba tu, kama lile la nyaya za stima. Linapanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu, linatoa tawi kwa kila mlango, na mwisho wake ni kisanduku kidogo karibu na soketi ya televisheni. Ndani hamna kitu ila uzi wa nailoni, ambao fundi wa kesho ataufungia waya wake auvute. Likiwekwa kabla ya zege kumwagwa, bei yake hupotea ndani ya hesabu ya umeme wa jengo, hata mkadiriaji haumii kichwa. Likisahauliwa, kila mpangaji atakuwa na drili yake. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kwenye bomba hili mambo ni kinyume: usipoacha tundu mapema, utabomoa ukuta.

Na kuta zetu za Pwani ya Kusini zina ukaidi wake. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayokatwa machimboni, na ardhi yenyewe ya ukanda wa pwani ni matumbawe. Ukichimba mtaro wa waya Tiwi au Diani, jembe linatosha kwa shubiri chache za mwanzo. Baada ya hapo ni mtaimbo na sururu, au ukodi jakihama. Ndiyo maana kampuni hupenda kuning'iniza nyaya juu ya nguzo, na huko juu kuna mengine. Upepo wa kusi una chumvi. Kioo chenyewe hakishiki kutu, lakini vyuma vinavyokishikilia na visanduku vinavyoungia vinashika, tena upesi. Halafu Diani, kila waya unaopita juu una wapangaji wengine. Wahifadhi wa mbega wametundika madaraja ya kamba juu ya Beach Road ili wanyama hao wavuke bila kugongwa na magari, na wamehangaika miaka mingi na mbega wanaouawa na nyaya za umeme. Waya wa faiba hauna umeme wa kumuua mnyama. Lakini mbega hajui tofauti ya waya na mkwaju, na tumbili anajua lakini hajali. Mtaro mmoja uliochimbwa pamoja na ule wa maji taka, siku ileile, na kontrakta yuleyule, ungemaliza kesi hii yote.

Wenzetu wamelifanya sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 kwamba jengo lolote jipya litakaloombewa kibali baada ya tarehe 31 Desemba 2016 liwe na njia ya ndani ya kupitisha mawasiliano ya kasi. Marekani, Rais Obama alizindua mpango uitwao ConnectHome Julai 2015 katika mji wa Durant, jimbo la Oklahoma, kwa ajili ya wakaaji wa nyumba za umma. Desemba 2016 wizara yao ya nyumba, HUD, ikaweka kanuni kwamba nyumba za kupanga za familia nyingi zinazojengwa upya kwa fedha zake, au kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa, ziwekewe miundombinu ya intaneti ya kasi. Marekani hiyohiyo baadaye ilijaribu njia nyingine, ikawa inazilipia kaya maskini hadi dola 30 kwa mwezi za intaneti. Zaidi ya kaya milioni 23 zilijiunga. Juni 2024 fedha zikaisha, mpango ukafungwa, na bili zikarudi kwa wenyewe. Ninapowaza ruzuku na bomba, huwa nakumbuka mkasa huo. Ruzuku inategemea bunge la mwaka ule. Bomba likishazikwa kwenye zege, halina habari na bunge.

Hapa nyumbani tuna mfano wetu wenyewe, tena wa karibu. Mwaka 2015, katika mradi wa kusambaza stima, ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka 35,000 hadi 15,000, na mtu akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Kisha wakagundua kuwa nyumba nyingi za kimaskini hazina nyaya ndani, kwa hiyo hata umeme ukifika mlangoni hauna pa kuingilia. Ndipo wakaleta ule ubao wenye swichi, soketi na kishikio cha balbu, redi bodi, unaopigiliwa ukutani nyumba ikawa imeunganishwa. Hebu fikiri. Serikali ilitambua kwamba kazi yake haiishii kwenye nguzo. Ilivuka kizingiti ikaingia chumbani. Kwa faiba, tumesimama tena kwenye nguzo.

Ahadi za nguzo tunazo tele. Mpango wa serikali iliyoingia mwaka 2022 ni kilomita 100,000 za faiba nchi nzima, maeneo 25,000 ya waifai ya umma, na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Kwale ina wadi 20, kuanzia Vanga mpakani hadi Mackinnon Road, kwa hiyo fungu letu ni vituo 20. Ni kitu chema. Lakini kituo kina saa za kufunga. Mwanafunzi wa Ramisi anayejaza fomu za mkopo wa elimu usiku wa mwisho, baada ya kuteka maji na kulaza wadogo zake, hawezi kuwa kituoni. Mama aliyejisajili na mamlaka mpya ya afya anahitaji kuingia kwenye akaunti yake mtoto anapopata homa, na homa haifuati ratiba. Muuza leso wa Ukunda hupiga picha mizigo yake usiku, maduka yakishafungwa, akazisambaza kwa wateja wake hadi Muscat. Hayo ni mambo ya nyumbani.

Kuna hoja niliyoisikia barazani mara nyingi, na haina upuuzi ndani yake: mbona tuhangaike na mabomba, si intaneti inashuka kutoka mbinguni siku hizi? Inashuka, na imekuwa ikiahidiwa kushuka kwa muda. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya ukoo wa Google, ilianza kurusha maputo juu ya Kenya kwa kushirikiana na Telkom, yakitoa mawasiliano kutoka anga za juu. Mwanzoni mwa 2021 ikatangaza kufunga kazi. Starlink ilikuja Julai 2023, na kwa hoteli ya faragha huko Funzi au kwa shule ya Mwereni ni mkombozi, hilo silipingi. Lakini setilaiti inachoka pale watu wanapokuwa wengi mahali pamoja: Novemba 2024 Starlink ililazimika kusitisha kuwapokea wateja wapya Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya msongamano. Na msongamano ndio tabia ya nyumba za bei nafuu. Hebu pata picha ya jengo la nyumba 64, kila moja na sahani yake juu ya paa, keateka akizunguka kuuliza ni nani aliyefungia ya kwake kwenye kamba ya nguo.

Tatizo jingine ni gumu zaidi kuliko mawe ya matumbawe: bomba likiwepo, ni la nani? Anayejenga nyumba anaweza kuliuza. Kampuni moja inakuja, inalipa, inapewa ufunguo wa kile chumba kidogo cha nyaya, na wapangaji wote wanakuwa wateja wake wapende wasipende. Marekani ilibidi ipige marufuku mikataba ya namna hiyo kwa huduma za simu katika nyumba za kupanga mwaka 2008, na mwaka 2022 ikarudi tena kuziba mianya iliyobaki. Kwetu biashara hii hufanyika kimya, wakati mwingine kwa karatasi, wakati mwingine kwa chai ya keateka. Nyumba zilizojengwa kwa tozo ya wananchi hazina kisingizio. Bomba liwe la chama cha wakaaji au la kaunti, kampuni yoyote yenye leseni ipite kwa ada moja inayojulikana, na mpangaji achague. Kama kampuni tatu zinagombania mlango wako, utaona 2,999 inavyojifunza adabu.

Ng'ambo ya Likoni, Mombasa, mtaa wa zamani wa Buxton ulibomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa mapya ya ushirikiano wa kaunti na mwekezaji binafsi. Kelele zilikuwa nyingi: nani atafidiwa, nani atarudi, bei ni ya nani. Zilistahili kupigwa. Ninachojutia ni kwamba katika mabishano yale yote sikusikia mtu akiuliza njia ya waya ni ya nani. Nami sikuuliza. Tulikuwa tunagombania paa, na mwenye kugombania paa haulizi habari za kisanduku ukutani.

Lakini wengi wetu huku kusini hatutakaa kwenye ghorofa ya serikali leo wala kesho. Tunakaa ploti. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na wajukuu, sasa kila chumba ni nyumba ya mtu na kufuli lake. Hii nayo ni nyumba ya bei nafuu, hata kama hakuna waziri aliyeikatia utepe. Na wenyewe wamekwisha vumbua namna yao: mmoja anaingiza waifai, wengine wanachanga. Vyumba sita kwa 500 ni 3,000. Kifurushi kimelipwa na shilingi moja imebaki. Kasoro ni kuta. Ukuta mnene wa matumbawe hula mawimbi ya waifai, hivyo chumba cha mbele kinatazama sinema na cha nyuma kinazungusha kiduara. Dawa ni waya mmoja kupita darini na kifaa cha pili uani. Lakini mwenye nyumba hajui kama inamhusu, na wapangaji wanaogopa kuwekeza kwenye nyumba ya mtu.

Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya kijamii, yaani watu wa mtaa kujiunga, kujenga mtandao wao na kuuendesha wenyewe. Kibera wanao uitwao TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya mapaa. Huko Catalonia, Hispania, majirani walianza guifi.net mwaka 2004, na leo ni maelfu kwa maelfu ya nyumba. Watu wa Gazi na Makongeni, ambao tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni ya mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja na kuamua barazani fedha zinunue vitabu au zichimbe kisima, siamini kwamba watashindwa kuendesha waifai ya vijiji viwili. Wameshaendesha jambo gumu zaidi: kukubaliana.

Mwezi uliopita nilipita karibu na Kona ya Musa, ghorofa inapanda. Mtu binafsi anajenga, vyumba vya kupangisha. Vijana walikuwa juu ya slebu, vyuma vimeshafungwa, na fundi wa stima alikuwa ameinama akipitisha mabomba yake meusi katikati ya nondo, akiyakata kwa msumeno na kuyaunga kwa gundi. Nikamwamkia, tukazungumza juu ya joto, halafu nikamuuliza kama kuna bomba la faiba.

"Hiyo haimo kwenye mchoro, kaka."

"Na ingekuwemo?"

Akayatazama yale mabomba, akahesabu kwa kidole milango ambayo bado haijawa milango. "Ningekuwa nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne."

Huko chini lori la zege lilikuwa limefika, dereva anapiga honi, na mtu akapiga kelele tushuke.